Umati wa Kinjeketile: Niliyojifunza Jukwaani Bila Kutamka Neno

Mpenzi msomaji, mwombe mtahiniwa yeyote wa Kidato cha Nne akutajie mhusika mkuu katika tamthilia teule. Atakujibu kabla hujamaliza kuuliza. Atakupa jina, kisha akumiminie sifa: ni jasiri, ni mwenye msimamo thabiti, ni mzalendo. Sasa mwulize kuhusu wale walioandikwa "Watu", "Umati" au "Sauti". Atakukodolea macho kama aliyeulizwa jina la mpita njia. Hao hawamo katika mwongozo. Kwa hiyo, kwake yeye, hawamo katika tamthilia.

Makala haya yanawatetea wahusika hao. Nawatetea kwa sababu nimewahi kuwa mmoja wao. Mwaka wa 2013, nikiwa mwaka wa tatu wa Shahada ya Elimu, chama chetu cha Kiswahili chuoni kiliigiza Kinjeketile ya Ebrahim Hussein. Nilikuwa mtu wa umati. Sikuwa na hata sentensi moja ya kutamka peke yangu. Hata hivyo, katika masomo yote ya fasihi niliyopitia chuoni, hakuna mhadhara ulionifunza kusoma tamthilia kama zile jioni za mazoezi. Nakuomba tuandamane nikueleze niliyoyaona kutoka pale nyuma ya jukwaa, na kwa nini bado nayatumia ninapofundisha hapa Huruma.

Tamthilia na historia yake

Kwa faida ya mtahiniwa ambaye hajakutana na kitabu hiki, Kinjeketile kilichapishwa mwaka wa 1969. Mwandishi wake alizaliwa Kilwa mwaka wa 1943 na kusomea sanaa za maonyesho katika chuo cha Dar es Salaam. Ni kazi ya kijana, na imejengwa juu ya vita vya Maji Maji vya mwaka wa 1905 hadi 1907, wakati watu wa kusini mwa Tanganyika walipouasi utawala wa Wajerumani. Chanzo kimojawapo cha vita hivyo kilikuwa kilimo cha pamba cha kulazimishwa. Kiongozi wa kiroho aliyehusishwa na uasi huo, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliwagawia watu maji yaliyosemekana kuwa yangegeuza risasi za Mjerumani kuwa maji.

Tamthilia inaanza na wanawake wawili wanaozungumza juu ya njaa na dhiki. Kisha tunamwona Kinjeketile akivutwa na pepo Hongo hadi mtoni, akizama, na watu wakimngoja. Anapotoka nguo zake ni kavu. Anawatangazia watu umoja na kuwapa maji. Hata hivyo, katika tangazo lake anasema pia kwamba watakuwa watoto wa Seyyid Said. Baadaye, akili yake inapotulia, neno hilo linamtesa: je, Hongo anawatoa kwa Mjerumani ili wawe chini ya Sultani? Anataka watu wangoje. Watu hawataki kungoja. Vita vinapiganwa, bunduki za rashasha zinafyeka watu Mahenge, na hatimaye Kinjeketile anakamatwa. Anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Anakataa.

Ikumbukwe kwamba Hussein hakuifuata historia neno kwa neno, na mwenyewe alieleza kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha sanaa. Kinjeketile wa historia alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, muda mfupi tu baada ya uasi kuanza na kabla ya watu kuangamizwa Mahenge mwishoni mwa mwezi huo. Kinjeketile wa jukwaani anaachwa hai hadi ashuhudie matokeo ya maji yake. Tofauti hiyo ina maana kubwa, nasi tutairudia.

Jinsi nilivyoingia umatini

Ukweli ni kwamba sikutaka umati. Nilitaka nafasi ya Bi Kitunda. Nilikuwa nimeyakariri maneno yake yote, nikiyasema bafuni na njiani kuelekea maktabani. Siku ya kuchaguliwa waigizaji nilipanda jukwaani, magoti yakagongana, sauti ikakwama kooni. Mwelekezi wetu, mwanafunzi wa mwaka wa nne, alinitazama kwa huruma, kisha akaandika jina langu katika orodha ya watu 22 wa umati.

Jioni hiyo nilimpigia mama simu hapa Huruma. Alikuwa amekwisha kuwatangazia majirani wa ploti nzima kwamba bintiye atacheza mchezo wa kuigiza chuoni. Nikamwambia kwa aibu kwamba nitakuwa mwananchi tu. Mama akacheka hadi nikacheka pia. "Mwanangu," akasema, "si hiyo ndiyo kazi unayoifanya tangu uzaliwe?"

Basi nikaenda mazoezini. Maleba yetu yalikuwa leso za mama zetu, vipande vya kaniki, na magunia tuliyoomba jikoni. Bunduki zilikuwa za mbao, zimepakwa rangi ya viatu. Mto ulikuwa shuka la buluu lililoshikwa na watu wawili, mmoja kila upande. Maji ya Hongo yalitoka kwenye mfereji wa hosteli, yakatiwa ndani ya karai. Usidhani, msomaji, kwamba tulikuwa na cha kujivunia. Kitu tulichokuwa nacho ni muda, na mwelekezi aliyekataa kutuacha tusimame kama miti.

Swali la mwelekezi

Jioni ya tatu alituketisha sakafuni akatuuliza: "Ninyi mnaamini maji haya kwa sababu gani?" Tukajibu kwa pamoja, kama darasa la shule ya msingi, kwamba tunaamini kwa sababu Kinjeketile ametuambia. Akatikisa kichwa. Alitaka kila mmoja wetu arudi kesho yake na sababu yake mwenyewe.

Kesho yake tulikuwa na sababu 22. Mmoja alisema ameamini kwa kuwa mtoto wake amekufa njaa shamba la pamba likiwa limestawi. Mwingine alisema haamini hata kidogo, lakini jirani yake anaamini, naye hawezi kubaki kijijini peke yake wanaume wote wakiondoka. Mwingine alikuwa amechoka tu; kwake yeye, kuamini kulikuwa njia ya kuacha kufikiri. Kulikuwa na kijana aliyesema anaamini kwa sababu ya nguo kavu: ameona kwa macho yake, na macho yake hayajawahi kumdanganya. Mimi nilisema naamini kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu wa kabila jingine amenishika mkono bila kunitilia shaka, na kama maji ndiyo yaliyouleta mkono huo, basi nayapokea.

Zingatia, ndugu mwalimu, kwamba hakuna hata sababu moja kati ya hizo iliyoandikwa katika kitabu. Hata hivyo, hakuna iliyopingana na kitabu. Njaa imo, pamba imo, uhasama wa makabila umo, uchovu umo. Swali la mwelekezi lilitulazimisha tutafute katika matini kitu ambacho swali la mtihani halikuwa limetulazimisha kukitafuta.

Maji ya karai

Ilipofika sehemu ya kunyunyiziwa maji, jambo la ajabu lilitendeka. Nilijua maji yale yametoka wapi. Nilikuwa nimeyachota mimi mwenyewe. Yalikuwa baridi, ilikuwa mwezi wa saba, na aliyetunyunyizia alikuwa mwenzangu wa darasa aliyenidai shilingi 200. Hata hivyo, tone la kwanza lilipompiga aliye mbele yangu naye akapaza sauti, na wa pili akapokea, na wa tatu, ukelele ulinitoka bila kuuamuru. Mwili ulitangulia, akili ikafuata.

Hapo nilielewa sehemu moja ya tamthilia ambayo wahakiki wengi huipita haraka. Msomaji aliyetulia na kitabu chake hulisoma lile neno la Seyyid Said na kulishangaa mara moja. Hujiuliza: mbona watu hawakuliona? Je, ni wajinga? Jukwaani sisi hatukulisikia. Mwelekezi alituagiza tuanze kupiga vifijo kabla Kinjeketile hajafika mwisho wa usemi wake, kwa sababu watu waliokaukiwa na tumaini hawangoji nukta. Neno la hatari lilizama ndani ya kelele zetu wenyewe. Walioketi katika ukumbi walilisikia. Sisi tulioambiwa hatukulisikia. Hii ndiyo kinaya ya kidrama, na siamini kwamba ningeielewa vyema kwa kuikariri katika orodha ya mbinu za uandishi.

Usiku stima ilipopotea

Tulionyesha mchezo huo siku mbili. Siku ya pili, Kinjeketile alipokuwa amekwisha kuzama chini ya shuka la buluu, stima ikapotea chuo kizima. Giza totoro. Kinjeketile wetu, maskini, alikuwa amelala kifudifudi sakafuni na hakujua atoke au abaki. Mwelekezi alikuwa nyuma ya pazia akinong'ona jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Umati ndio uliookoa mchezo. Mtu mmoja alianza kuvumisha sauti, bila maneno, kama mama anayembembeleza mtoto. Wengine wakaitikia. Mwingine akauliza gizani kama kuna aliyeona chochote mtoni. Mwingine akamjibu kwamba hajaona. Mwanamke mmoja akasema yeye anarudi nyumbani, ana mtoto. Wenzake wakamsihi akae. Tulikaa hivyo karibu dakika kumi. Walioketi ukumbini wakawasha tochi za simu, wakitumulika, wakidhani yote yamepangwa. Stima iliporudi na Kinjeketile akainuka mkavu, ukumbi mzima ulisimama na kushangilia. Alikuwa ameinuka vivyo hivyo siku ya kwanza, na wakati huo watu walipiga makofi ya adabu tu.

Nimelifikiria tukio hilo kwa miaka mingi. Kilichobadilika ni kungoja. Siku ya kwanza tuliigiza kungoja. Siku ya pili tulingoja kwa kweli, na ukumbi ukangoja nasi. Nadai basi kwamba nguvu za Kinjeketile hazitoki mtoni. Zinatoka kwa waliosimama ukingoni. Kabla hajasema neno lolote, wao wamekwisha kumfanya nabii kwa kutorudi nyumbani.

Swali la mama

Katika onyesho la mwisho, gerezani, umati haumo. Mwelekezi wetu hakutaka twende kubadilisha nguo. Alituagiza tushuke gizani tukaketi miongoni mwa hadhira, mmoja hapa, mmoja pale. Nilienda nikaketi karibu na mama, ambaye alikuwa amefunga kibanda chake siku hiyo ili aje. Kutoka hapo nilimtazama Kinjeketile akikataa kuyakana maji, kwa hoja kwamba akiyakana leo, kesho wajukuu wataambiwa kwamba hata haki waliyoipigania babu zao ilikuwa uongo.

Wahakiki wengi huusifu uamuzi huo, nami nilikuwa nimeuandikia insha iliyopata alama nzuri. Tulipotoka nje mama akaniuliza, "Sasa wale waliofiwa, aliwauliza?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana nilisema tutairudia tofauti ya historia na sanaa. Historia ilimwondoa Kinjeketile mapema, kabla mjane yeyote wa Mahenge hajaweza kumwuliza lolote. Hussein amemwacha hai ili aulizwe, lakini anayeuliza ni adui. Wenye haki ya kuuliza hawamo chumbani. Vita vya Maji Maji viliua watu wengi mno, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuteketezwa kwa mashamba na maghala; Wajerumani walikadiria watu 75,000, na wapo wanahistoria wanaofikisha 250,000 hadi 300,000. Mtu mmoja anaamua, kwa niaba ya hao wote, maana ya vifo vyao. Pengine ameamua vyema. Pengine huo ndio mzigo wa uongozi. Lakini mhakiki asiyeona kwamba umati umenyamazishwa katika onyesho hilo hajauona upungufu ambao mwanamke mwenye kibanda cha mboga aliuona mara moja. Uwe ni upungufu wa tamthilia au uwe ni jeraha ambalo mwandishi ameliacha wazi makusudi, ni juu ya msomaji kuliamua akiwa na ushahidi wa matini. Binafsi naelekea upande wa pili, kwa sababu tamthilia iliyoanza na sauti za wanawake wanaozungumzia njaa haiwezi kusahau kwa bahati mbaya kwamba kuna watu wanaosumbuka nje ya gereza.

Darasani Huruma

Nilipohitimu nilirudi kufundisha katika mtaa nilikolelewa. Kwa asiyeifahamu Huruma, ni mtaa wa Eastlands hapa Nairobi, ulio katika eneo la Mathare, kando ya Juja Road na Mto Mathare. Magorofa yamebanana hadi nguo zilizoanikwa upande mmoja zinakaribia kugusana na za upande wa pili, na upepo ukivuma kutoka Kiamaiko unakuletea harufu ya soko la mbuzi. Ni mtaa wa watu wengi. Umati kwetu ni jambo la kila siku.

Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka karibu na mto. Watu wapatao 50 walifariki. Majirani walianza kufukua kwa mikono gizani, na waokoaji wakaendelea siku baada ya siku. Baada ya zaidi ya siku tatu, mtoto mchanga wa kike alitolewa kifusini akiwa hai.

Shule zilipofunguliwa kwa muhula wa pili, wanafunzi wangu wa chama cha maigizo walikuwa wamenyamaza kwa namna nisiyoizoea. Sikutaka kuwalazimisha kuzungumza. Nikawaletea Kinjeketile, ingawa hakikuwa kitabu teule, tukakisoma kwa zamu baada ya masomo. Tulipofika kwenye kugawiwa maji, kijana mmoja akafunga kitabu. "Mwalimu," akasema, "kwani hawa watu walikuwa mafala?" Nikamwomba aliulize swali lake kwa Kiswahili sanifu. Akasema, "Je, hawakujua kwamba maji ni maji?"

Kabla sijajibu, msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha akasema bila kuinua macho, "Na sisi hatujui kwamba nyumba zetu zina nyufa?"

Darasa lilitulia. Kisha akaendelea, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba mama yake anauona ufa kila asubuhi anapofagia, na kila mwisho wa mwezi analipa kodi. Anamwambia mwenye nyumba, naye anamwambia nyumba ni imara. Mama anakubali. "Anakubali kwa sababu hatuna pa kwenda," akasema. "Si kwamba ni mjinga."

Mpenzi msomaji, nimesoma tahakiki kadhaa za Kinjeketile. Zipo zinazosema maji ni ishara ya ushirikina unaowaangamiza watu. Zipo zinazosema maji ni ishara ya umoja. Zote zina ukweli wake. Hata hivyo, la kwanza linawageuza watu kuwa wajinga, na la pili linawageuza kuwa silaha mkononi mwa kiongozi. Msichana yule aliwarudishia akili zao. Alituonyesha kwamba mtu anaweza kuona ufa na bado akalala ndani ya nyumba, na kwamba anayetaka kumwelewa hana budi kuanza na kodi, mshahara na mahali mbadala ambapo hapapo. Tangu siku hiyo ninapofundisha tamthilia yoyote yenye umati, huwaambia wanafunzi wasiishie kuuliza umati uliamini nini. Waulize ulikosa nini.

Umati katika tamthilia nyingine

Swali hili halihusu Kinjeketile pekee. Tangu nianze kazi nimefundisha Mstahiki Meya ya Timothy Arege, kisha Kigogo ya Pauline Kea, na sasa Bembea ya Maisha ya Arege huyo huyo. Katika Mstahiki Meya, mgomo wa wafanyakazi wa Cheneo ndio unaoutikisa utawala wa Meya Sosi. Bila wao, malalamiko ya wasomi yangebaki maneno. Katika Kigogo, tunamsifu Tunu kwa haki, lakini soko la Chapakazi lililofungwa limewanyima watu chakula, na kukosa huko ndiko kunakowaleta nyuma yake. Kingi anapokataa kuwafyatulia watu risasi, nini kilichomzuia? Watahiniwa huandika kwamba Kingi ana utu. Ni kweli. Lakini utu huo umejitokeza mbele ya umati uliosimama.

Katika Bembea ya Maisha umati hauonekani, na bado upo. Maneno ya watu juu ya ndoa ya Sara na Yona, kwanza kwa kukawia kupata watoto na kisha kwa kupata mabinti, yanaingia nyumbani na kumharibu Yona. Umati unaweza kuwa wa kuokoa na unaweza kuwa wa kubomoa. Mtahiniwa anayeuona katika sura zake zote mbili atakuwa na la kusema wakati wenzake wanarudia sifa tatu zile zile za mhusika mkuu.

Ushauri kwa mwalimu na mtahiniwa

Kwanza, igizeni. Hamhitaji ukumbi wala taa. Sukumeni madawati ukutani, tafuteni karai na leso mbili, na muwape walio na haya nafasi katika umati. Mwanafunzi ambaye magoti yake hugongana, kama yangu, atajifunza huko nyuma kabla hajaweza kusimama mbele.

Pili, mpe kila mtu wa umati sababu. Mwanafunzi atafute katika matini ushahidi wa njaa, hofu, deni au matumaini yanayomfanya mhusika asiye na jina apige kelele au anyamaze. Asibuni kinyume cha kitabu. Abuni kutokana nacho.

Tatu, someni maelekezo ya jukwaani kwa makini sawa na mazungumzo. Mara nyingi umati huishi katika mabano hayo, katika vitendo vifupi ambavyo jicho la haraka huviruka.

Nne, mtahiniwa anapoulizwa kutathmini uamuzi wa kiongozi katika tamthilia, ajiulize kama mama yangu alivyouliza: walioathirika waliulizwa? Swali hilo moja linaweza kuigeuza insha ya sifa kuwa tahakiki.

Maswali ya kujadili darasani

1. "Watu katika Kinjeketile hawakudanganywa, walichagua." Jadili kauli hii kwa kurejelea hali yao ya maisha.

2. Eleza jinsi mwandishi anavyotumia kinaya katika tangazo la Kinjeketile baada ya kutoka mtoni.

3. Chagua tamthilia nyingine uliyoisoma. Eleza mambo matatu ambayo umati umekosa, na uonyeshe jinsi upungufu huo unavyosukuma mbele ploti.

Mama bado ana kibanda chake. Nikipita jioni nikitoka shuleni hunipa sukuma wiki na huniuliza tunasoma kitabu gani siku hizi. Nikimweleza hadithi, husikiliza hadi mwisho, kisha huuliza swali moja tu, na mara nyingi ndilo swali ninaloingia nalo darasani asubuhi.